Kumchagulia Mkwe Kipimo cha Gesi

Katika maisha yangu nimeuza viatu, nimechunga ng'ombe wa watu, nimepaka rangi makanisa na kuendesha trekta za kukodisha. Sikai mahali. Hata sasa nikiwa na miaka arobaini na kitu, nikiona lori limesimama kando ya barabara injini ikinguruma, miguu huanza kuniwasha. Lakini kazi ninayoikumbuka kwa furaha kuliko zote ni ile ya matangi mawili ya gesi ya kupikia, moja Kitale na jingine Bungoma, miaka ile ambayo watu wa kwetu walianza kuachana na makaa na kununua mitungi midogo ya gesi.

Tangi la Kitale lilikuwa la mama mmoja ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati kufuata mashamba. Alianza na mahindi, akaenda kwenye maziwa, akauza dizeli, halafu akaingia kwenye gesi. Tangi la Bungoma lilikuwa la mzee aliyestaafu kazi ya serikali, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Kijana wa mama alikuwa amemwoa binti wa mzee. Siku ya harusi, wakiwa kwenye meza kuu, ndipo wazee hao wawili walipogundua kwamba wote walikuwa na tangi la gesi na shida moja: lori la gesi linatoka mbali, na halikubali kuja kwa ajili ya tangi moja dogo. Kabla keki haijakatwa walikuwa wamekubaliana kuagiza lori pamoja. Litashusha nusu Kitale, nusu Bungoma.

Mimi nilikuwa msimamizi wa matangi yote mawili. Nilikuwa na chumba Kibomet, pembeni mwa Kitale, lakini sikukilalia sana. Nilikuwa kwenye pikapu ya mitungi, naenda na kurudi, na kila nikifika Lugulu, katikati ya njia, nasimama kununua ndizi hata kama sina njaa, kwa sababu nilipenda kusimama hapo nikiangalia watu.

Kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyeniandikia, ilikuwa kubeba maneno. Mama na mzee waliitana "mkwe," na waliheshimiana hata wakawa kama wanaogopana. Mkwe hamwambii mkwe mwenzake jambo chungu usoni. Kwa hiyo mama akikasirika aliniambia mimi, nami njiani nilikuwa naliosha lile neno mara mbili tatu, likifika Bungoma limekuwa salamu. Mzee naye hivyo hivyo.

Sasa, matangi hayo yalinunuliwa yakiwa yametumika. Yote mawili yalikuwa na kijiskrubu cha ubavuni tu, ambacho ukikilegeza wakati wa kujaza kikatema ukungu mweupe, unajua gesi imefika mwisho wake halali. Hilo lilitosha kukwambia tangi limejaa. Halikukwambia kama limebaki nusu, au robo, au kama kesho wateja watakuta umefunga. Na halikutosha kwa watu wawili wanaogawana lori moja ambalo lenyewe halikuwa na mita.

Kwa hiyo tukamwita muuzaji wa vipimo. Alifika Kitale kwa gari dogo, buti limejaa vyuma. Mama alimpokea kwa chai na swali moja.

"Kwa nini tusitumie kijiti?"

"Kijiti gani, mama?"

"Kijiti! Kama cha dizeli. Unaingiza, unatoa, sisi wote tunaona pale imelowa. Mimi miaka yote nimepima na kijiti na hakuna mtu ameniambia mimi ni mwongo."

Alikuwa na haki yake. Kule kwenye dizeli, kijiti kikitoka, muuzaji na mnunuzi huinamia pamoja kukitazama, vichwa vikikaribiana, na hapo ubishi umekwisha. Muuzaji alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Mama, hii gesi imekaa ndani imebanwa hadi ikawa maji. Ukifungua uingize kijiti, kijiti kitafika Lwakhakha mpakani kabla yako."

"Ngai! Basi leta hizo zako nione."

Akatutandikia vyuma vyake juu ya gunia. Cha kwanza kilikuwa chombo cha kukaa juu ya tangi na kutuma mawimbi chini, yakigonga uso wa gesi yanarudi, na namba inatokea kwenye kioo ofisini. Kilikuwa kizuri sana. Niliona macho yangu yakikitamani kama viatu dirishani. Mama akauliza kinakula nini. Akaambiwa stima.

"Stima? Hapa mvua ikipiga kidogo tu tunakaa giza mpaka panya wanagongana. Weka kando."

Cha pili kilikuwa mrija uliopindwa. Ncha yake inakaa ndani ya tangi, na wewe nje unauzungusha kwa mkono huku kitundu kidogo kikipumua. Ncha ikiwa juu ya gesi, hewa inayotoka huioni. Ikizama kwenye gesi yenyewe, kitundu kinatema ukungu mweupe, na hapo unasoma namba. Mama alikipenda hiki, kwa sababu kilikuwa kama kijiti: unaona kwa macho yako. Lakini muuzaji alisema kila ukisoma unapoteza gesi kidogo hewani, na pahali pa kusomea lazima pawe mbali na moto wowote.

Cha tatu ndicho tulichochukua. Ilikuwa saa. Yaani ina uso wa mviringo na mshale kama saa, nasi tukaiita saa tangu siku hiyo. Ndani ya tangi kuna boya kwenye mkono wa chuma, linapanda na kushuka na gesi. Mkono unazungusha sumaku, na sumaku inavuta mshale ulio nje, bila tundu lolote kati yao. Haivuji, haili stima, na hata mtu asiyejua kusoma anaona mshale umelala upande gani.

"Na Bungoma je?" muuzaji akauliza. "Sijaiona ile tangi." Alikuwa ameshalipima la Kitale kwa kamba yake, kutoka tumboni hadi mgongoni.

"Inabeba sawa na hii," mama akasema.

"Sawa kabisa?"

"Sawa kabisa," nikasema mimi pia, na ulikuwa ukweli mtupu. Kibandiko cha tangi moja na cha jingine vilitaja ujazo uleule.

Mama akainua vidole viwili. "Niletee mbili za kufanana. Kama mapacha. Sitaki mkwe wangu aone nimejichagulia nzuri nikampelekea ingine."

Nilimpigia mzee. Akasema hivyo hivyo: zifanane, hata rangi. Ndivyo walivyokuwa. Kwenye harusi blanketi za upande huu na za upande ule zilitoka robota moja, na sufuria zilihesabiwa mbele ya mashahidi ili usifike wakati mtu akasema nyinyi mlipewa kubwa. Wakwe hupewa sawa. Muuzaji akaleta saa mbili pacha, zikafungwa na fundi matangi yakiwa matupu, na kila mtu akafurahi hadi lori la kwanza lilipokuja.

Lori lilishusha Kitale mpaka mshale ukalala pale tulipokubaliana, kidogo juu ya nusu. Likaenda Bungoma likamwaga lililobaki. Kwa hesabu yetu, mshale wa Bungoma ungelala palepale. Ulipita. Ulisimama karibu na robo tatu.

Nilimwambia mama kwenye simu.

"Hiyo ni joto," akasema. "Si Bungoma ni joto?"

Muuzaji alikuwa ametueleza kwamba gesi hii hufura kwa joto, ndiyo maana tangi halijazwi pomoni. Basi tukalishika jua la Bungoma. Mzee alilipokea kwa shukrani. "Ni kweri, mkwe anajua mambo," akasema. "Huku jua si mchezo." Na kwa miezi kadhaa jua likabeba lawama zote, maskini, nalo halikuwa na wa kulitetea.

Lakini jua lilishindwa na jambo la pili. Saa ya Bungoma haikuwahi kushuka chini ya robo. Mzee angeuza, angeuza, wateja wa kuvuka mpaka wangekuja na mitungi yao imefungwa nyuma ya baiskeli, na ghafla pampu inaanza kukohoa. Gesi imekwisha. Saa inasema robo. Mzee anaigonga kwa kucha. Robo.

Hapo ndipo maneno yakaanza kuwa mazito mfukoni mwangu. Mama aliniambia, huku akipanga risiti ambazo zilikuwa zimepangika tayari, kwamba kama Bungoma inapata robo tatu na yeye anapata nusu, basi kuna dereva anayejua anachofanya, na pengine anajua ni kwa nani. "Sijasema ni mkwe," akaongeza haraka. "Sijasema." Halafu akasema lori lijalo litakuwa la mwisho kuagiza pamoja. Na mzee, upande wa pili, alinivuta nyuma ya ofisi.

"Kijana yangu, wewe ni mtu wa kutembea. Niambie. Hii gesi inashushwa Kitale kwanza, si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Inaonekana nyingi kwa saa, lakini nikiuza ni kidogo. Mimi nafikiria nyinyi huko mnakunywa maziwa, mnatuachia povu."

"Gesi haina povu, mzee."

"Wewe umeingia ndani ukaona?"

Sikuwa nimeingia. Nilijua tu kwamba wakiachana, hakuna lori litakalokuja kwa tangi moja. Depo zote mbili zingefungwa, na wale vijana wawili waliooana, ambao sasa walikuwa na mtoto mchanga, wangebaki katikati ya wazee wasiosalimiana. Maneno haya sikuweza kuyaosha. Nilipita Lugulu bila kusimama.

Kilichotuokoa ni huyo mtoto. Mama alikuja Bungoma kumwona mjukuu, na Jumapili hiyo kukawa na maombi nyumbani kwa mzee, na kuku, na wageni kutoka kanisa la mama na la mzee. Asubuhi, jua likiwa limeshapanda, mama akaniambia nimpeleke kwenye depo aone tangi, kwa sababu alikuwa hajawahi kuliona. Mzee akasikia, akaona haifai mkwe wake aende bila yeye. Tukaenda watatu, wao wakiwa na nguo za kanisani.

Tangi lilikuwa karibu kuisha. Nililijua hilo kwa sababu Jumamosi pampu ilikuwa imekohoa. Mama akasimama mbele ya saa, akaivalia miwani. Robo. Akalizunguka tangi mara moja, na nikaona uso wake ukibadilika. Kisha akafanya jambo ambalo kila mwanamke anayepikia gesi hufanya jikoni: aliweka kiganja chake kwenye tangi. Palipo na gesi chuma hubaki baridi. Pasipo na gesi, jua hukichoma haraka.

"Moto," akasema.

Akashusha mkono. "Moto." Akashusha tena.

Mzee alimtazama, halafu akaenda upande wa pili wa tangi akaweka kiganja chake pia.

"Hata hapa ni moto, mkwe."

"Shuka chini."

"Nimeshuka. Bado."

"Shuka tu, mkwe, shuka."

Walishuka hadi wote wawili wakawa wamechuchumaa, mama na kitambaa chake cha kichwa cha harusini, mzee na suti yake ya kijivu, wakitazamana chini ya tumbo la tangi kama watoto wanaocheza kujificha. Ndipo viganja vyao vilipopata baridi, karibu na miguu ya tangi.

"Mkwe," mama akasema kutoka huko chini, "hii si robo."

"Si robo. Mimi nimekuwa nikisema."

"Umekuwa ukimwambia nani?"

Mzee akaninyooshea kidole kwa kupitia chini ya tangi. "Huyu."

"Aliniambia unasalimia."

Sijui nani alianza kucheka. Nafikiri ni mzee, kwa sababu alipoteza mizani akashika mguu wa tangi. Mama akacheka hadi kitambaa kikaanguka. Na wakiwa bado wamechuchumaa, kila mmoja akamwambia mwenzake alichokuwa akifikiria, mmoja kuhusu dereva na mwingine kuhusu povu. Mimi nilikuwa natazama ukuta.

"Povu!" mama alikuwa akirudia. "Haki, mkwe, povu!"

Tulimpigia muuzaji palepale, ofisini, Jumapili hiyo hiyo. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: hilo tangi lina unene gani? Nikachukua kamba nikalipima. Tangi la Kitale lilikuwa fupi na nene. Hili lilikuwa refu na jembamba. Yalibeba sawa, kama debe na mtungi vinavyoweza kubeba maji sawa, lakini hakuna mtu angeweza kusema yamefanana umbo.

"Mlisema ni sawa," muuzaji akalalamika.

"Ni sawa," mama na mzee wakajibu pamoja.

Akaeleza. Boya huchaguliwa kwa unene wa tangi. Mkono wake ukiwa wa tangi nene ukauweka kwenye tangi jembamba, unaning'inia chini kuliko katikati, kwa hiyo gesi ya nusu unaiona kama robo tatu. Na boya likishuka, linagusa sakafu ya tangi kabla mshale haujafika mwisho. Linalala hapo. Mshale unabaki robo mpaka mwisho wa dunia. Kwa kutaka kuwatendea wakwe haki, tulikuwa tumewapa matangi mawili tofauti mkono mmoja.

Basi tukachagua upya, na mara hii kwa matangi yenyewe. Mzee, baada ya kuumwa na saa, alitaka ule mrija wa kuzungusha. Alitaka kuona ukungu kwa macho yake. Muuzaji akamuuliza jirani yake ni nani. Jirani, nyuma ya ua, alikuwa mama mchoma mahindi, na jiko lake lilikuwa linawaka kutoka asubuhi mpaka jioni. Mrija unaotema gesi hewani karibu na jiko la mahindi haukuwa jambo la kujadili. Kitale, ambako depo ilikuwa peke yake pembeni mwa mashamba, ungeweza. Bungoma, hapana. Mzee aliukubali uamuzi huo akiwa anatafuna hindi la jirani huyo huyo. Ilibaki saa, lakini yenye mkono mfupi.

Saa hiyo ilipofika Kitale, mama aliitoa kwenye boksi akaiweka kando ya nyingine ya akiba aliyokuwa amelinunulia tangi lake, akasikitika.

"Sasa mimi nitampelekea mkwe kitu kifupi hivi?"

"Ndiyo kipimo chake, mama."

"Najua. Lakini wageni wataona."

Akatafuta boksi refu, lile la saa ya kwanza, akauweka mkono mfupi ndani, na sehemu iliyobaki akaijaza viazi. Juu akatandika karatasi. Nilipofika Bungoma mzee alilibeba boksi mwenyewe mbele ya wafanyakazi, likiwa zito, akasema hii ndiyo saa sasa. Viazi tulivila jioni hiyo na hakuna aliyevizungumzia.

Kuibadilisha ilikuwa kazi. Tangi lilimalizwa kabisa, likasafishwa hadi fundi akaridhika, na siku hiyo simu zote zilizimwa. Mama mchoma mahindi alizima jiko, na mzee akanunua mahindi yake yote mabichi ili asipoteze siku. Fundi alipouvuta ule mkono mrefu kutoka tumboni mwa tangi, boya lilikuwa limechubuka upande mmoja kwa kulala sakafuni. Mzee alilishika, akaligeuzageuza.

"Wewe ndiye ulikuwa unataka kunigombanisha na mkwe," akaliambia.

Lori lililofuata lilifika Kitale mchana. Mama alisimamia mwenyewe kushusha. Nilikuwa Bungoma nikisubiri, na lilipomaliza kumwaga kwetu nilisoma mshale, nikampigia mama anisomee wake. Tofauti ilikuwepo, ndogo, lakini ilikuwepo: Bungoma ilikuwa imepata kidogo kuliko Kitale. Nikaanza kutafuta neno la kuipunguza makali.

"Lete hiyo simu," mzee akasema, akaninyang'anya. "Haro, mkwe? Leo umenipunguzia, bana."

Nilifunga macho. Nikasikia kicheko cha mama kikitoka kwenye simu kama cha mtu aliye chumba cha pili.

"Ni ukweli, mkwe! Nilikuwa naongea na dereva nikachelewa kumwambia afunge. Saa yangu inaonyesha, siwezi kukataa. Lori ingine ianze kwako."

"Hapana, ikianza kwangu itazunguka sana. Wewe nirudishie kwa ile inakuja."

"Ianze kwako nimesema."

"Mkwe, kwa nini unapenda kubishana?"

"Ati mimi? Wewe ndiye unabisha."

Wakaendelea hivyo, wakatoka kwenye gesi wakaingia kwenye meno ya mjukuu, wakarudi kwenye gesi. Mzee alikuwa anatembea uani akizungusha mkono hewani kumwonyesha mtu aliye Kitale mshale ulivyolala. Mimi nilikaa juu ya mtungi mtupu. Salio langu likaisha wakiwa bado hawajakubaliana lori lipitie wapi kwanza, na mzee akaingia ofisini kutafuta simu yake waendelee.